Jirani wa Chini Anasikia

Kabati la vyombo ndilo lililoanzisha ugomvi. Limesimama sebuleni kwetu tangu siku niliyoolewa, milango yake ya kioo, ndani yake vikombe vya kahawa vyenye mstari wa dhahabu ambavyo wakati huo vilikuwa havijapata kutiwa kahawa. Mbele yake kuna kipande cha sakafu ambacho, nyumba nzima ukiipima, ndicho pekee ambapo mtu mzima anaweza kulala chali akanyoosha mikono juu ya kichwa bila kugusa kitu. Jioni ile mkeka wa ukindu uliteleza juu ya vigae wakati nimeinua kiuno, miguu ikaondoka nao, kisigino kikagonga mlango wa kabati. Kioo kilisalimika. Kikombe kimoja kilizunguka kwenye kisahani chake, kikatulia. Lakini mshindo ulifika jikoni kwa mavyaa wangu, ukafika na ghorofa ya chini, na kabla sijakaa kitako mlango ulikuwa unagongwa.

"Hodi! Humo kuna salama?"

Tunakaa Michenzani, katika yale majumba marefu yaliyoanza kujengwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Ni majumba imara, ila zege lake halifichi siri: kinu kikitwangwa juu, wa chini wanajua ni kisamvu au ni thomu. Jirani yetu wa chini ni mwanamke mstaarabu, anasomesha watoto chuoni, hulala mapema. Alisimama mlangoni na kanga yake kichwani, akanitazama nilivyoloa jasho, akasema kwa upole, "Mwanangu, mimi simkatazi mtu mambo yake. Ila dari yangu siku hizi inazungumza."

Nilikuwa nimejifunza kuweka daraja, ule mpindo wa mgongo juu ya viganja na nyayo, na sikuwa tayari kuliacha.

Mimi ni mshonaji. Kazi yangu ni kuinama: macho kwenye sindano, mabega mbele, mguu wa kulia kwenye pedali ya cherehani. Ukikaa hivyo miaka, kifua kinajifunga. Ilifika mahali naanua nguo kambani kwa kusimama juu ya ncha za vidole, na kamba ni ile ile ya siku zote. Mikono ndiyo iliyokataa kupanda. Wakati huo binti yangu mkubwa alichaguliwa shuleni kuingia halaiki ya sherehe za Mapinduzi, ile inayochezwa Uwanja wa Amaan tarehe 12 Januari, akawa kila akirudi mazoezini anarudi na jambo jipya mwilini. Siku moja alisimama katikati ya sebule, akanyanyua mikono, akajipinda nyuma taratibu mpaka viganja vikagusa sakafu, akaniuliza akiwa vile vile kichwa chini: "Mama, leo tunakula nini?" Yaani yuko vile, na anapumua, na anaongea. Nikamwambia anifundishe.

Vijana wa kiume wana mchanga. Utawaona ufukweni jioni wakiruka sarakasi juu ya tairi kuukuu, na Forodhani wakijirusha baharini kichwa chini miguu juu. Mwanamke wa makamo mwenye watoto ana sebule yake, mapazia yakishashushwa.

Mtu akiliona daraja hudhani ni kazi ya kiuno, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Uti wa mgongo una pingili 5 za kiuno na pingili 12 za nyuma ya kifua. Zile 12 zimeshikana na mbavu, kwa hiyo kuzipinda ni shida, na mwenye haraka huziacha akazikunja zile 5 peke yake. Daraja zuri hutoka mabegani. Kwa hiyo kabla ya kuinuka popote, binti yangu alinipa kanga. Nikaisokota, nikaishika ncha mbili, mikono imenyooka, nikaipitisha kutoka mapajani, juu ya kichwa, mpaka nyuma ya makalio, kisha nikairudisha njia ile ile. Mikono ikiwa mbalimbali inapita kwa raha; kadiri siku zinavyokwenda unaisogeza karibu kidogo, na bega linajua. Vifundo vya mikono navyo vina yake: unapiga magoti, unaweka viganja chini vidole vikiyaelekea magoti, unajivuta nyuma kidogo kidogo, na ukisikia kuungua unatulia hapo hapo.

Ndipo daraja lenyewe. Unalala chali, nyayo karibu na makalio, viganja pembeni mwa masikio, vidole vikitazama mabega. Unasukuma mpaka utosi uguse sakafu, unavuta pumzi, kisha unanyoosha viwiko. Ukifika juu, kazi bado iko: unasukuma kwa miguu mpaka kifua kivuke usawa wa viganja. Mwanzo miguu yangu iliwekwa juu ya godoro lililokunjwa, maana miguu ikipanda, mzigo unahamia mabegani na kiuno kinapata nafuu. Siku ya kwanza viwiko viliponyooka kabisa nilihisi hewa ikiingia mahali kifuani ambapo haikuwa imeingia kwa muda mrefu. Nililia, na sioni haya kulisema.

Baba watoto alitoa ruhusa ya kusogeza kochi. Mavyaa wangu hakutoa neno. Alikuwa jikoni na mambo yake.

Kisha ikaja siku ya wageni. Wifi yangu anakaa nasi, na upande wa kijana ulituma salamu kwamba wazee wa kike watakuja baada ya Alasiri kwa mazungumzo ya posa. Walikuja kabla. Aliyefungua mlango ni mwanangu mdogo, wa umri wa chekechea. Wakamuuliza mama yuko wapi, naye akawajibu kwa ukweli wake wote: "Mama yuko chini, kapinduka, haongei."

Sikuwa naongea kwa sababu nilikuwa darajani nahesabu pumzi. Wakaingia watatu kwa pamoja, mabuibui yakipepea. Nilichokiona kwa pale nilipokuwa ni jozi tatu za viatu ambavyo havikuvuliwa mlangoni, na kwa watu wa huku hilo peke yake linatosha kukujulisha kwamba wameingia kwenye msiba. Mmoja akaanza Ayatul Kursi kwa sauti. Mmoja akaita maji. Wa tatu, mwenye nguvu kuliko wenzake, akanishika makwapani ili aniinue.

Mtu aliye darajani hainuliwi. Mikono yake ndiyo nguzo. Ukiivuta, kichwa kinashuka na mzigo wote unapokelewa na shingo. Nilitaka kumwambia, pumzi haikunitosha. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mavyaa wangu, kasimama mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi.

"Mwacheni! Msimguse. Atashuka mwenyewe. Mwanangu, kidevu kifuani kwanza."

Sikuwahi kumweleza habari ya kidevu. Kumbe siku zote zile, wali ukichemka na nazi ikikunwa, alikuwa akitazama. Nikakunja kidevu, nikashusha kisogo, mabega, mgongo, kiuno mwisho. Nikasimama, nikajifunga kanga vizuri, nikawaamkia wageni: "Shikamooni." Mavyaa akafungua kabati la vioo, akatoa vile vikombe vya mstari wa dhahabu, na siku ile vikatiwa kahawa. Posa haikuharibika. Waliyoyajia waliyazungumza, na kabla hawajaondoka mkubwa wao akauliza kama yale ninayoyafanya si mambo ya Wazungu.

Nikamweleza habari za capoeira ya Brazil, ambayo nimeisoma na kuitazama sana kwenye simu. Walioanzisha mchezo ule ni Waafrika waliopelekwa kule utumwani, wengi wakitokea Angola na Kongo. Wanashuka chini kwa mikono, wanageuka tumbo juu tumbo chini bila kusimama, na daraja limo katika misingi yake. Sheria ya jinai ya Brazil ya 1890 iliupiga marufuku, ikawa mtu anaweza kufungwa kwa kuucheza. Mwaka 1932 mwalimu wa mchezo huo, Mestre Bimba, akafungua shule mjini Salvador, ukaanza kufundishwa mlango wazi, na mwaka 2014 UNESCO ikauandika katika urithi wa utamaduni usioshikika. Hilo linanigusa: jambo waliloling'ang'ania watu wetu ndani ya minyororo, leo tunalikuta kwenye simu tukadhani ni la wengine. Yule mama alinyamaza, akaomba kikombe cha pili.

Baada ya hapo hapakuwa tena na kificho ndani ya nyumba, nikaingia kwenye kuunganisha daraja na harakati nyingine. Unaanza kwa viganja na ncha za vidole vya miguu, magoti yakielea juu ya sakafu kwa upana wa vidole viwili. Unainua mkono mmoja na mguu wa upande wa pili, mguu unapita chini ya mwili, unageuka, na tumbo linatazama dari. Hapo wewe ni kaa: viganja nyuma, nyayo chini, makalio hewani. Unanyanyua kiuno zaidi, mkono mmoja unapita juu ya uso ukitafuta sakafu upande wa nyuma. Ukiipata, uko darajani. Mkono wa pili unaachia, mwili unaendelea kugeuka, na tumbo linarudi kutazama sakafu. Kwenye simu yote hayo yanakwenda bila kukatika. Sebuleni kwangu kila kiungo kilikuwa na mlio wake, tup kisigino, pa kiganja, na jirani wa chini akapanda tena ngazi.

Safari hii tulikaa tukazungumza. Sikumwomba avumilie. Nilimwomba akisikia mshindo agonge dari kwa mpini wa ufagio, nami baada ya Magharibi nisifanye kitu. Akakubali, na tangu siku ile ufagio wake umenifundisha ambayo simu haikuweza kunifundisha. Mshindo maana yake sehemu ya mwisho ya safari mguu umeanguka, haukuwekwa. Unaanguka kwa sababu umeinuliwa kabla uzito haujahamia kwenye mkono unaobaki. Basi unahamisha uzito kwanza, unangoja mpaka mguu ubaki mtupu, ndipo unauinua. Na ukiurudisha unatanguliza vidole, kisigino baadaye. Inachosha mara mbili. Lakini ndipo harakati inapopata sura, maana hakuna hata inchi moja ya njia ambayo hukuipita kwa makusudi.

Cha kusimama nilikipata kwa mavyaa. Nilikuwa natoka chini kwa kujisukuma na mikono, na ufagio ukigonga kila mara. Nikamtazama yeye anavyoinuka mkekani baada ya kuchambua mchele: mguu mmoja kaukunja ndani, wa pili kausimamisha unyayo wote chini, anainamisha kifua mbele mpaka uzito uvuke unyayo, anainuka. Mikono haigusi kitu, na husikii chochote. Nilipomuuliza alijifunzia wapi, alishangaa swali. "Watoto wangu wote wamelala mkekani pembeni yangu. Ukiinuka vibaya unamwamsha mtoto." Sasa ndivyo ninavyomalizia, kutoka kwa kaa mpaka kusimama, na yeye husahihisha kutoka jikoni: "Kifua mbele zaidi! Usiharakishe goti!"

Wiki hii nilikutana na jirani kwenye ngazi. Akaniambia siku nyingine hujiuliza kama nimesafiri, ila bado kuna mshindo mmoja anaoupata, upande wa dirisha la barabarani. Nikarudi juu nikapima. Upande wa dirisha ndipo unapotua mguu wa kushoto, ninapotoka darajani kurudi kwenye viganja na vidole, na wakati huo mzigo wote uko mkono wa kulia, bega lile lile linalosukuma vitambaa kutwa. Bega linachoka mapema, mguu unadondoka. Nimeirudia kanga, na upande ule sasa naufanya mara mbili ya huu.