Kalsiamu ya Ukutani

Mtoto akikataa mboga, Rwanda nzima itacheka. Akikataa maziwa, ataitishiwa kikao. Hii ni nchi ambayo salamu yake ya zamani humtakia mtu makundi ya ng'ombe, na ambayo tangu 2006 serikali inagawa ng'ombe kwa kaya maskini kupitia mpango wa Girinka. Basi mtoto wa mwaka na nusu akitazama kikombe cha maziwa, akafumba mdomo na kugeuza shingo, ukoo mzima huhesabu kwamba umetukanwa.

Wa kwetu, ambaye hapa tutamwita Bwana Mdogo, alizaliwa Mururu, mpakani kabisa, ambapo Mto Rusizi unatutenganisha na Kongo na kila mzigo husimama kukaguliwa. Naamini alijifunza kazi akiwa mgongoni mwa mama yake. Mdomo wake ni kituo cha forodha. Ndizi hupita, viazi hupita, maharage hupigiwa muhuri na kuambiwa karibu tena. Maziwa hukamatwa na kumwagwa kwenye nguo za aliyeyaleta. Tuliyaficha ndani ya uji, akaacha uji. Tuliyapondea viazi, akaacha viazi. Mke wangu akayatia maji ya bitiruti yakawa ya waridi. Mkaguzi akayagusa kwa ncha ya ulimi, akatutazama kwa huruma, akapindua kikombe.

Kichekesho ni kwamba ng'ambo ya mto maziwa yetu yana wateja. Akina mama wa huku huvuka na maziwa, mayai na mboga kwenda kuuza Bukavu, na jiji zima linayangoja kwa chai ya asubuhi. Kwenye meza yetu tu ndiko yanakorudishwa.

Kwa kuwa nyumba yenye adabu haimwagi maziwa kwa hiari, yaliyokataliwa na mwana yalinywewa na baba. Asubuhi kikombe, jioni kikombe. Mkanda wangu ukahamia tundu la mwisho, na sidhani kama kuna mwanamume katika sekta yetu mwenye mifupa imara kunizidi.

Utani kando, hofu ilikuwa na hesabu yake. Karibu asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili iko kwenye mifupa na meno, na mtoto wa umri huu anajenga vyote viwili kwa wakati mmoja. Wataalamu wa FAO na WHO humpangia mtoto wa mwaka 1 hadi 3 miligramu 500 kwa siku. Wamarekani, ambao hupenda kila kitu kikubwa, wanasema 700. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina takriban 300. Vikombe viwili vinamaliza kazi, na ndiyo sababu kila mshauri huanzia kwenye maziwa na kuishia hapo hapo. Tena utafiti wa kitaifa wa afya wa 2019/2020 ulikuta kwamba asilimia 33 ya watoto wa Rwanda wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Ukisikia takwimu hiyo, unaanza kumpima mwanao kwa macho kila anaposimama karibu na kiti.

Ushauri ukamiminika. Jirani wa juu alisema tumpe mayai kwa wingi. Mayai ni chakula kizuri, ila yai moja lina kalsiamu chini ya miligramu 30. Iliyobaki iko kwenye gamba, nalo huwa tunawatupia kuku. Jirani wa chini alipendekeza chai ya maziwa yenye majani mengi, apate ladha. Chai kwa mtoto mdogo huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, na pia humfanya mtoto aliyepaswa kulala saa mbili aendelee na mikutano hadi saa nne.

Ndipo habari zikafika Nyagatare, kwenye tambarare za ng'ombe upande wa mashariki, anakoishi mama mkwe wangu. Alipiga simu.

"Mkwe wangu, hakuna mtoto anayekataa maziwa. Anakataa hayo yenu ya dukani. Nakuja."

Mkwe mwenye malezi hapingani na mama mkwe. Nilisema, "Ndiyo, Mama," nikaenda kufagia ua.

Alisafiri na dumu la maziwa yaliyokamuliwa alfajiri, amelipakata njia nzima. Kutoka Nyagatare hadi Kigali, kutoka Kigali hadi Huye, kisha msitu wa Nyungwe na kona zake zote, kona baada ya kona, basi likiyumba, jua likipiga kwenye kioo, maziwa yakisukwasukwa. Alipofika kwetu dumu lilikuwa limevimba mbavu. Mkuu wa kijiji alikuwa amekuja kumsalimia mgeni, amevaa suti. Mama mkwe alikataa kunywa hata maji kabla mjukuu hajaonja. Akaliweka dumu katikati ya sebule, akazungusha mfuniko.

Mfuniko ukafyatuka. Maziwa yaliruka juu, yakapiga dari, yakashuka kwenye suti ya mkuu wa kijiji, na mengine yakatapakaa kwenye ukuta tuliokuwa tumetoka kuupaka chokaa kwa heshima ya ugeni huo. Hakuna aliyesema neno. Mkuu wa kijiji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, labda akitumaini kuona kitu kingine.

Bwana Mdogo peke yake ndiye aliyejua la kufanya. Alitembea hadi ukutani, akaweka mikono miwili, akaanza kulamba.

"Mnaona?" mama mkwe akapaza sauti. "Maziwa yangu hayo!"

"Mama, samahani," mkuu wa kijiji akasema kwa upole wa kiserikali, "nadhani mtoto analamba chokaa."

Mjadala huo uliendelea hadi usiku. Shemeji yangu aliyesoma kemia alisimama upande wa mtoto. Alitukumbusha kwamba mawe ya chokaa ya Mashyuza, yanayolisha kiwanda cha saruji cha Bugarama tangu 1984, ni kalsiamu kaboneti. Wilaya yetu ya Rusizi, alisema, inauza kalsiamu kwa mifuko na malori. Mtoto ameamua tu kununua kiwandani bila kupitia kwa dalali.

Tulipompeleka kituo cha afya, muuguzi hakucheka. Alituambia kwamba chokaa mbichi huunguza mdomo, na kwamba mtoto anayelamba kuta au kula udongo huenda amepungukiwa na madini ya chuma. Akampima damu, akampa dawa ya minyoo, akamkuta salama. Kisha akamgeukia mama mkwe na kusema jambo ambalo hakuna mtu Nyagatare aliyewahi kuthubutu kumwambia: kwamba maziwa yakizidi nayo ni tatizo. Yana chuma kidogo mno, na mtoto aliyejaa maziwa hana tena nafasi ya chakula chenye chuma. Mama mkwe alishika kiti.

Hata hivyo hakukubali kushindwa. Maziwa ya ukutani, alisema, yalikuwa yamekwisha kuchacha njiani. Kumbe mjukuu anataka ikivuguto, maziwa ya mgando. Kwa hoja hii alikuwa na haki, kwani maziwa yaliyoganda yana kalsiamu sawa na maziwa mabichi, na sukari ya maziwa imepungua, hivyo matumbo mengi huyapokea kwa amani. Akampa kwa kikombe: yakakataliwa. Akampa kwa kijiko: yakakataliwa. Akayapaka kwenye sahani safi, akaiegemeza ukutani. Yakalambwa yote. Kwa muda tukamlisha hivyo, na wageni walioingia ghafla wakadhani tumejiunga na dini mpya.

Dawa ya kudumu ilipatikana kwenye jiko la kijiji, igikoni cy'umudugudu, ambako wazazi hukutana kupika pamoja, na mshauri wa afya huonyesha namna ya kuchanganya vyakula. Siku tuliyokwenda, sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, walikaangwa kwenye chungu kikavu, wakasagwa kwa kinu, na unga wake ukachanganywa na viazi na dodo, yaani mchicha. Bwana Mdogo hakungoja kuhudumiwa. Alikaa karibu na mtoto wa wenyewe, akala sahani ya mtoto wa wenyewe, kisha akatafuta ya kwake.

Mwanamke mmoja wa Bukavu, muuza sambaza, alitucheka waziwazi: "Huyu mutoto hana shida hata kidogo. Munamupatia maziwa, ye anataka ziwa!"

Mama mkwe aliinamisha kichwa. Kwa wafugaji wa kizazi chake samaki hakuwa chakula cha kujivunia, na hapa mjukuu wake anakula samaki na kichwa, na macho, na mkia. Lakini faida iko hapo hapo. Kalsiamu ya samaki imo kwenye mifupa, na sambaza ni mdogo kiasi kwamba huliwa mzima. Tajiri anayeagiza sangara asiye na mwiba hata mmoja amelipia nyama na kuiacha kalsiamu jikoni. Tena sambaza mwenyewe ni mgeni kama sisi wengine wa mpakani: aliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, miaka ile ile kituo cha kwanza cha umeme cha Mto Rusizi kilipokuwa kikijengwa hapa Mururu. Wenye taa tuna umeme, wenye meno tuna sambaza.

Dodo na isombe, yaani majani ya muhogo, navyo huongeza kiasi, ingawa kalsiamu ya dodo haifyonzwi yote kwa sababu ya asidi iliyomo kwenye majani, na isombe lazima lipondwe na kuchemshwa muda mrefu ili sumu ya muhogo iishe. Na kalsiamu yoyote inataka vitamini D, ambayo ngozi hujitengenezea kwenye jua. Kwa hilo hatuna mashaka: Bwana Mdogo hutumia asubuhi yake uani akifukuza bata.

Mama mkwe aliondoka akitabasamu. Dumu lake lilirudi Nyagatare limejaa sambaza wakavu, na alitusihi tusimwambie mtu.

Mzazi mwenzangu, ukipata mtoto anayekataa maziwa, usimfunge mikono wala usimshike pua. Mpe ikivuguto kwa namna atakayokubali. Nunua sambaza au dagaa wakavu, waoshe kama wametiwa chumvi, wakaushe, wasage laini ili mwiba usimkwame, uweke unga wake kwenye uji au maharage kila siku. Nunua na akiba, maana uvuvi wa Kivu hufungwa kama miezi miwili kila mwaka ili samaki wazaliane. Mpeleke akapimwe uzito na urefu. Na ukimwona analamba ukuta, mpeleke kituo cha afya kwanza. Mjadala wa kemia utafuata baadaye.