Sifa za Mgeni Asiyeshika Jembe

Kati ya mimea yote inayowekwa ndani ya nyumba, hakuna inayosemwa vibaya kama masdevalia, ile okidi ndogo ya milima ya Andes. Waliowahi kuilea wanailaumu kwamba hufa upesi, hudai mengi, na ua lake halina thamani ya usumbufu wake. Mashtaka yote haya ni ya kweli, na ndiyo yanayonifanya niisifu. Mmea unaokufa upesi ni mmea mkweli. Nyumba za siku hizi zimejaa mapambo yanayovumilia kila kitu, na mwenye nyumba hajui hewa yake ikoje, maji yake yana nini wala usiku wake una joto kiasi gani. Masdevalia itamjulisha yote hayo katika muda mfupi, bila kumwonea haya.

Tazama ilivyoumbwa. Okidi nyingi zina vinundu vinene chini ya majani, ghala la maji la kukabili kiangazi. Masdevalia haina hata kimoja. Huko kwao, kwenye misitu ya ukungu ya Kolombia, Ekuado na Peru, aina nyingi huota kati ya mita 1,500 na 3,500 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo ukungu haukosi kupita. Sasa ijiwekee akiba ya nini? Inataka usiku wa nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, mchana usiozidi sana 24, unyevu hewani wa asilimia 70 kwenda juu, na upepo usiotulia. Ukiimwagilia maji ya bomba yenye chumvi nyingi, ncha za majani zinageuka nyeusi. Joto likizidi, inayapukutisha majani. Kipimajoto ukutani mtu anaweza kupita mbele yake mwaka mzima asikitupie jicho, lakini jani jeusi atalitazama tu. Sasa ifikirie falenopsi, okidi ya supamaketi inayopendwa na kila mtu: husahauliwa juu ya kabati wiki mbili tatu bila tone la maji, nayo huendelea kuchanua kana kwamba hakuna kilichotokea. Huo unaitwa uvumilivu. Mimi nauita unafiki.

Watasema: gharama je? Ni kweli, wapenzi wake wa Ulaya na Marekani, ambao nyumba zao hupashwa joto wakati wa baridi mpaka hewa inakauka, hununua mashine za kuongeza unyevu, feni na mitambo ya kuchuja chumvi kwenye maji. Wapo hata wanaoigeuzia friji la mvinyo kuwa chumba chake cha kulala. Wahenga walituusia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu humkabidhi mwenyeji jembe siku ileile ya kwanza. Lakini tazameni faida anayopata mwenyeji huyo. Analala madirisha wazi, anakinga maji ya mvua, na anajua kila pembe ya nyumba yake inakopita upepo. Hata jina limekaa mahali pake: mwaka 1794 wataalamu wa mimea Ruiz na Pavón waliipa jina la José Masdevall, tabibu wa Hispania. Mgonjwa wa kudumu angeitwa kwa jina la nani mwingine?

Kuhusu ua, nakiri kwamba petali zake ni vijipande vya kutafutwa kwa miwani. Kinachoonekana ni sepali tatu zilizoungana, kila moja na mkia wake. Ndugu zake, akina drakula, ambao mtaalamu wa okidi Carlyle Luer aliwatenga kuwa jenasi yao wenyewe mwaka 1978, wamekwenda mbali zaidi: mdomo wa ua hufanana na uyoga na hunukia uyoga, ili kuwavuta nzi wadogo. Basi mtu anakesha, analipa umeme, na mwisho anatunukiwa uyoga! Angalau hapo hakuna aliyejipendekeza kwake.

Pingamizi zito ni la historia, na hili halijibiki kwa mzaha. Katika karne ya 19 Waingereza walizifungia okidi za milimani kwenye nyumba za vioo zenye joto kali, wakidhani nchi zote za tropiki ni tanuri moja. Zilikufa kwa maelfu, zikaagizwa nyingine. Albert Millican, mwindaji wa okidi, aliandika katika kitabu chake cha 1891 kwamba huko Kolombia walikata miti ipatayo 4,000 ili kupata mimea 10,000 ya odontoglosamu, okidi nyingine ya baridi. Lawama hiyo ni ya wanunuzi. Mimea ilitoa ushahidi wa pekee iliouweza, nao ni kufa, mpaka wakulima kama James Bateman wakaanza, katika miaka ya 1860, kuhubiri kwamba zifunguliwe madirisha. Mmea mvumilivu ungewaacha na ujinga wao hadi leo.

Kwa hiyo msomaji wa Limuru au Njombe, ambaye baridi ya usiku anaipata bure, aijaribu. Adai mche uliozalishwa kitaluni, na ukitoka nje ya nchi uwe na vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, maana okidi zote zimo kwenye orodha za mkataba huo. Wa Dar es Salaam, ambako usiku wa Januari hukaa karibu na nyuzi 25, aulize kwanza bei ya umeme, kisha anunue falenopsi.