Namna ya Kumtuliza Mkaidi wa Miguu Mitatu

Programu ya kuongozea darubini imegoma: nyota haikusogea vya kutosha. Toa kidole kwenye mipangilio! Kompyuta haishtakiwi kabla ya vyuma kuhojiwa. Kagua kebo, kisha isukume stendi ya darubini kwa vitufe, magharibi, mashariki, kaskazini, kusini, huku jicho liko kwenye skrini. Nyota isipojongea upande wowote, amri hazifiki, na hakuna namba utakayoandika itakayozifikisha.

Ikijongea, tazama umeielekeza darubini wapi. Katika kalibresheni, programu kama PHD2 hupima kila msukumo umeisogeza nyota pikseli ngapi. Darubini ikielekea digrii 60 kutoka ikweta ya anga, msukumo wa magharibi huonekana nusu tu. Ikikaribia ncha ya anga, karibu hauonekani. Basi fanyia kalibresheni jirani na ikweta ya anga, na si mbali na meridiani, ule mstari wa kaskazini-kusini unaopita utosini. Hapo sisi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam tumejaliwa, maana ikweta hiyo inatupitia karibu na utosi. Mintaka, katika mkanda wa Orioni, haifiki hata nusu digrii kutoka kwayo. Msimu wake ukiwadia, anzia hapo.

Neema hiyo inadai kodi. Ncha ya anga kwetu imelala kwenye upeo, nyuma ya mapaa na miembe. Nairobi ile ya kusini iko juu kwa digrii moja na kidogo. Basi ulinganishe mhimili wa stendi kwa kufuatilia mserereko wa nyota, mwongozo ukiwa umezimwa: nyota ya karibu na meridiani ikikimbilia kaskazini au kusini, rekebisha stendi kushoto na kulia, kisha nyota iliyo chini mashariki ikukosoe kimo. Angalia pia uzani wa kusawazisha usigonge mguu, kwani stendi nyingi zimebuniwa kwa watu wa mbali na ikweta.

Sasa mkaidi mwenyewe: giya za kaskazini na kusini. Ukigeuza mwelekeo, mota inazunguka lakini nyota imesimama, kwa sababu meno ya giya yana nafasi katikati na lazima yavuke kwanza. Ni kama usukani wa gari chakavu. PHD2 hujaribu kuiondoa nafasi hiyo yenyewe. Ikishindwa, sukuma kaskazini kwa vitufe mpaka nyota ianze kwenda, ndipo uanzishe kalibresheni. Nafasi ikiwa kubwa mno, kazeni giya mkifuata maelekezo ya mtengenezaji, wawili kama mnaweza: mmoja ashike taa nyekundu. Msikaze hadi zikwame.

Urefu wa fokasi na ukubwa wa pikseli viandikwe sahihi, maana programu hukokotoa ukubwa wa hatua kutokana navyo. Takriban hatua 12 kila upande zinapendeza. Mistari miwili ya matokeo ikikutana karibu na digrii 90, iache hivyo. Ihifadhi kalibresheni hiyo, uitumie na kesho. Ukizungusha kamera ya kuongozea, hata kidogo, rudi Mintaka.