Nimetoka Kwenye Komfoti Zoni, Nimelala na Kuku

Jamani, hawa watu wa semina za mafanikio wametumwa na nani? Spika kapiga suti, maiki iko shavuni, anatufokea sisi tuliolipa kiingilio: "Tokeni kwenye komfoti zoni! Msiogope kesho! Bila risiki hukui!" Ukumbi mzima makofi. Na mimi napiga. Komfoti zoni yenyewe siijui. Ninakaa chumba na sebule Mbagala, maji ya ndoo, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Naambiwa nitoke. Haya, natoka.

Tukapewa mfano wa tajiri Bakhresa. Kaacha shule ana miaka 14, kauza urojo, leo ana unga, juisi, boti na timu ya mpira. Nikajipima. Shule na mimi ilinishinda. Nikaona nusu ya safari nimeshamaliza.

Nikanunua vifaranga 100 wa broila. Hesabu kwenye karatasi ilikuwa tamu balaa. Kifaranga bei hii, chakula bei hii, wiki tano unauza, unahesabu noti. Kwenye karatasi kuku hafi. Kwenye karatasi umeme haukatiki.

Kumbe kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 mpaka 35. Mimi tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniulizia nyuzi zangu. Umeme ukikatika, jiko la mkaa linaingia bandani, yaani sebuleni, maana banda ndiyo sebule. Mama watoto akahamia chumbani na watoto, na televisheni akaibeba. Mimi nikabaki kwenye maranda na kuku. Nikikohoa usiku, ukumbi wote unaamka.

Hapo bado chanjo. Siku ya 7 kideri, siku ya 14 Gumboro, siku ya 21 kideri tena. Mimi hata malaria nasubiri ipite yenyewe, wao wana ratiba ukutani. Tena chanjo haitaki maji ya bomba yaliyotiwa dawa, klorini inaiua. Ikabidi ninunue maji ya kisima kwa ajili yao. Mimi na familia tukaendelea na ya bomba.

Wakakua, bwana. Nikafikiri shida imeisha. Broila akifika wiki ya tano anakula kama kalipiwa hoteli. Kila siku anayobaki bandani anatafuna faida yako. Mnunuzi analijua hilo kuliko mimi. Akaja, akawatazama kuku, akautazama mfuko wa chakula ulivyolegea, akataja bei ya matusi.

"Hapana, kaka," nikamwambia, sauti nzito.

"Sawa, braza. Ila soko limejaa."

Lisijae vipi? Ukumbi mzima ule wa makofi tulinunua vifaranga wiki moja! Akaondoka polepole, mikono nyuma, anajua nitamwita. Nikamwita. Akapunguza bei tena, eti nimemrudisha njiani.

Aliowaacha tukawala wenyewe. Broila asubuhi, broila jioni, mpaka mtoto wa mwisho akaomba dagaa. Mama watoto akanitazama, akasema, "Baba, uliaga unakwenda kukua. Mbona waliokua ni kuku?" Nikajifanya nina mfupa mdomoni.

Sasa usinielewe vibaya, jirani. Kuthubutu sikatai. Mkulima anatupa mbegu hajui mvua, mvuvi anaingia baharini hajui samaki, na wote hawajawahi kukaa semina. Lakini mvuvi hauzi nyumba anunue chambo. Wewe ukithubutu, anza na kuku ambao hata wakifa wote, kodi ya nyumba inalipika. Mnunuzi mtafute kabla ya kifaranga. Na spika akikwambia usiogope, muulize yeye kaweka shilingi ngapi. Yule wetu hakuwa na hata yai.