Naambiwa Nitafute, Natafuta, Sioni

Ofisi yetu ikitangaza kazi, mimi wa masjala ndiye ninayepokea barua pepe za waombaji. Karibu zote zina sentensi ileile: "Please find attached my CV." Kiingereza kimenyooka, hakina kasoro. Basi nashuka hadi chini kuitafuta hiyo CV. Patupu. Napanda juu, naangalia pembeni, namwita kijana wa kompyuta naye aangalie. Hakuna kitu.

Wengine, kwa kutaka makuu, wanaandika "Please find attached enclosed herewith." Jamani! "Enclosed" ni ya karatasi iliyotiwa ndani ya bahasha. "Attached" ni ya kilichobanwa kwa pini, na siku hizi faili linalosafiri na barua pepe. "Herewith" waachieni mawakili. Andika tu "I have attached my CV", yatosha, wala hunitumi mtu mzima kusaka vitu. Lakini sentensi hiyo ina sharti ambalo walimu wa sarufi hawalitaji: faili liwepo.

Na kuambatisha faili wala si teknolojia ya jana. Machi 11, 1992, Mmarekani Nathaniel Borenstein, mmoja wa waliobuni mfumo wa MIME unaobeba viambatisho, alituma picha ya kundi lake la waimbaji wanne pamoja na sauti zao wakiimba. Vikafika. Leo, zaidi ya miaka 30 baadaye, mtu mwenye shahada ya kompyuta ananitumia hewa. Gmail yenyewe humuuliza aliyeandika "attached" bila kuweka kitu kama ana hakika. Naona wanaijibu kama abiria anayemjibu konda: twende!

Yupo mmoja aliyetuma hewa yake saa tano na dakika hamsini usiku, siku ya mwisho ya maombi. Nikamjulisha. Akajibu upesi: "Sorry sir, kindly find attached." Sir ni mimi, mama wa watoto watatu. Nikafungua. Kadi ya mchango wa harusi: singo 50,000, dabo 100,000, na namba ya simu ya mweka hazina.

Nikamwandikia tena. Akaomba radhi sana, akatuma CV, na safari hii ilikuwepo kweli. Chini yake, kwa Kiswahili fasaha, akaongeza: "Ila mama yangu, na ile kadi usiitupe, kamati inakaa Jumapili."