Lipa Kwanza, Mzee

Wenzetu wa Geita wana macho: chembe ya dhahabu iliyojificha mwambani wanaiona. Sasa wapeni kazi ya kumtafuta mtu anayepokea rufaa ya ushuru wa maegesho.

Tangu TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini unaotoza ushuru huo, ihamie kwenye mfumo wa kielektroniki, mkusanyaji hana haja ya kuonana na dereva. Anaingiza namba ya gari kwenye mashine, deni linazaliwa, kontroo namba inakusubiri. Mwaka 2021 malalamiko yalizidi hadi Serikali ikausimamisha mfumo kwa muda. Ukarudi.

Haya, jitetee kwamba siku deni lilipozaliwa gari lilikuwa gereji Kahama, juu ya mawe, halina hata tairi. Utajibiwa kwa upole: lipa kwanza, mzee. Kwani lililo juu ya mawe halijaegeshwa?