Ng'ombe Haulizi Bei ya Simenti: Kuta 6 za Shimo la Silaji

Ndugu wafugaji wa Songo hapa Uvira, kiangazi chetu kinabisha hodi Juni na hakiagi mpaka Septemba iishe. Majani ya bonde la Ruzizi yanakauka, maziwa yanapungua, na ng'ombe mwenye njaa anaanza kuchungulia mihogo ya jirani. Ugomvi unaofuata tunaujua sote. Dawa ipo, ni silaji: Mei, mahindi yangali mabichi, kata mabua pamoja na mahindi yake, au matete yaliyofika mita 1, yakatekate vipande vya sentimita 2 au 3, shindilia shimoni, funika kwa nailoni, subiri wiki 3 au zaidi. Hewa ikikosekana, sukari ya majani inageuka asidi, na chakula hakiozi. Mpaka hapo tunaelewana. Ubishi ni wa ukuta, basi tuhesabu kutoka wa mwisho hadi wa kwanza.

6. Fito na udongo. Hewa inaingia, panya anaingia, na mchwa alishaingia fundi akiwa bado anafunga kamba. Ukuta huu mpe mama ajengee jiko, atakuombea dua.

5. Mbao. Wauzie mafundi wa mitumbwi kule Kalundu, pesa ununulie nailoni. Nimemaliza.

4. Matofali mabichi. Najua, unayafyatua uani, na watoto wanalipenda tope. Lakini silaji inatoa maji yake, tena machachu, na mvua inaleta ya kwake. Tofali bichi linakunywa yote kisha linalala chini. Waliokuwa hapa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika, waliona nyumba za udongo zinavyokwisha. Tofali hilo tusilikabidhi akiba ya miezi 4.

3. Matofali ya kuchoma. Hapa mashemeji watanijia juu, na waje tu, viti vipo. Tofali lililoiva ni zuri, tena halimwogopi panya. Tatizo ni tanuri. Tanuri linakula kuni, kuni zinatoka mlimani, na mlima wenyewe uko juu ya vichwa vyetu. Ukibaki uchi, mvua haina wa kuipunguza mwendo; inashuka na udongo na mawe, inaingia mtoni, mto unaingia nyumbani. Tena tofali hilo linapitisha hewa na maji, kwa hiyo utalipa simenti ya lipu juu ya gharama ya kuni. Ulibakiza matofali ya nyumba? Tumia kwa moyo mweupe. Kuwasha tanuri jipya kwa ajili ya majani ya ng'ombe, hapana, shemeji.

2. Mawe na simenti. Mawe tunayo, mito imetuletea bila kuagizwa. Ukuta unapaswa kuwa mnene chini, na nje uegemezwe udongo, kwa sababu wanaoshindilia wanausukuma. Ndani weka nailoni, maana asidi ya silaji inatafuna simenti. Mwenye kuuhitaji kweli ni yule aliye bondeni karibu na ziwa, anayechimba na kukutana na maji. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Mvua zikizidi, ziwa linapanda, kama tulivyoona 2021 na 2024. Huyo ajenge juu ya ardhi. Wewe wa mwinuko unashindana na nani? Ng'ombe haulizi bei ya simenti, anauliza chakula kiko wapi.

1. Udongo wenyewe. Ukuta ulio tayari kabla fundi hajazaliwa! Chagua mteremko usiotuama maji, na shimo liwe jembamba na refu. Sababu yake ni joto letu: ukishafungua, kila siku ukate uso wote angalau sentimita 10, la sivyo unaharibika. Ng'ombe 2 wakila jumla ya kilo 40 kwa siku, shimo la upana wa mita 1, kina cha sentimita 80 na urefu wa mita 12 linabeba karibu kilo 4,800 zikishindiliwa vizuri. Hizo ni siku 120, yaani kiangazi chote.

Kuta zilale nje kidogo, ili majani yakishuka yazidi kubana. Zilainishe kwa panga, zivishe nailoni, sakafu iinamie mdomoni ili maji yatoke. Upande wa juu chimba mtaro, maji ya mlimani yapite zake. Kwa kushindilia, waite vijana wa ndombolo: kila tabaka la sentimita 15, wimbo mmoja mzima, na pembeni karibu na ukuta wacheze zaidi, ndiko hewa inakojificha. Malizia kwa mgongo kama wa kobe, nailoni, kisha udongo juu yake.

Zungushia miiba siku hiyo hiyo. Mbuzi wa Songo hawangoji wiki 3.